Kadiri ya Makala: Habari za Mto Tana katika Majarida ya Lugha

Swali la makala ya jarida iwe ndefu kiasi gani huhesabiwa kuwa ni shauri la mhariri na mpiga chapa, wala halipewi nafasi katika historia. Mwandishi huambiwa idadi ya kurasa. Yeye hupunguza au huongeza, na shauri likaishia hapo. Lakini ziko lugha ambazo maandishi yake ya mwanzo yalitokea katika majarida kabla hazijapata vitabu vyake zenyewe. Kwa lugha hizo uamuzi huo haukuwa mdogo hata kidogo. Yaliyoingia katika kurasa zilizotolewa yalijulikana kwa wataalamu na yakarithiwa na waliofuata. Yaliyobaki nje yakawa kama hayakuwahi kusemwa.

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza jinsi urefu wa makala ulivyoamuliwa katika maandishi yaliyohusu watu wa Mto Tana, hasa wale wa sehemu ya chini, kuanzia Garsen hadi mto unapomwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Kipindi kinachoshughulikiwa zaidi ni kile cha 1887 hadi 1915, ingawa itabidi kutazama mbele mpaka miaka ya 1950, wakati jarida la Kiswahili la Afrika Mashariki lilipokabiliana na shida hiyohiyo na kuipatia njia yake.

Kwanza inafaa kueleza kwa nini bonde hilo listahili kuchaguliwa. Garsen ni njiapanda: barabara itokayo Malindi kwenda Lamu hukutana hapo na ile inayoteremka kutoka Garissa na Hola. Chini yake mto unatandaa katika mabonde ya mpunga na migomba ya Wapokomo, na pembezoni mwake Waorma huleta ng'ombe wao kunywa maji nyakati za kiangazi. Kwa mtaalamu wa lugha, mahali hapo pana thamani isiyolingana na idadi ya watu wake. Kipokomo, Kielwana, lugha za Kimijikenda, Kikomoro na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, nao wataalamu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao kikubwa cha 1993, wameliita kundi hilo kwa jina la Sabaki. Kwa hiyo mtu anayeuliza Kiswahili kilitoka wapi hana budi kuuliza Kipokomo kikoje. Na akiuliza Kipokomo kikoje, anarudishwa kwenye majarida ya zamani, kwenye makala ambazo urefu wake uliamuliwa na watu waliokuwa Berlin na London.

Mwaka 1887 wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walifungua kituo Ngao, kijiji cha Wapokomo kisicho mbali na Garsen. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza lugha ya wenyeji kwa bidii, na mara akaanza kupeleka Ulaya aliyoyakusanya. Kwa bahati, mwaka huohuo C. G. Büttner alianzisha mjini Berlin jarida lililohusu lugha za Afrika peke yake, *Zeitschrift für afrikanische Sprachen*. Jarida hilo halikuishi sana: juzuu zake ni tatu tu, na mnamo 1890 lilikwisha. Hata hivyo lilitosha kukitoa Kipokomo gizani, kwa kuwa Würtz alichapisha humo maelezo ya mwanzo ya sarufi na orodha ya maneno. A. Seidel alipoanzisha jarida jingine mwaka 1895, lililochanganya lugha za Afrika na zile za visiwa vya Bahari ya Pasifiki, Würtz alikuwa tayari na kazi iliyokomaa zaidi. Kamusi yake ya Kitikuu na Kipokomo ilitokea humo mwaka 1895, na sarufi yake ya Kipokomo ikafuata mwaka 1896.

Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba kazi hizi mbili hazikutoka kila moja kwa mara moja. Zilikatwa vipande, msomaji akapewa kipande kimoja katika toleo moja na kilichobaki katika toleo jingine. Kwa kamusi na sarufi, kukatwa huko hakukudhuru kitu. Kamusi inaweza kusimama kwenye herufi yoyote na kuendelea miezi michache baadaye. Sarufi nayo ina milango yake ya asili, ngeli za majina mahali pamoja na vitenzi mahali pengine. Maandishi ya namna hii hayana mwanzo na mwisho kwa maana ile ambayo kisa kina mwanzo na mwisho. Ndiyo maana majarida ya wakati ule yaliyapenda: mhariri aliweza kuyatumia kama mwashi atumiavyo kokoto, akaziba nafasi kubwa au ndogo kadiri alivyohitaji.

Mfano huo wa mwashi si wa mzaha. Msomaji wa siku hizi, aliyezoea maandishi yasiyogusa karatasi, hana budi kukumbushwa jinsi jarida lilivyotengenezwa. Karatasi moja kubwa ilipigwa chapa pande zote mbili, ikakunjwa na kukatwa, ikatoa kwa kawaida kurasa 16. Gharama ilihesabiwa kwa karatasi hizo kubwa, si kwa ukurasa mmojammoja. Makala iliyozidi kidogo ilidai karatasi nyingine nzima, na mhariri alipaswa ama kuijaza kwa jambo jingine ama kumwambia mwandishi apunguze. Herufi nazo zilikuwa za risasi, zikipangwa kwa mkono. Makala ndefu ilizishika herufi nyingi mpaka ipigwe chapa, na matbaa haikuwa na herufi zisizo na mwisho. Juu ya hayo, ada ya wanachama ilikuwa imekwisha kukadiriwa tangu mwanzo wa mwaka.

Sasa, katika lugha za Kiafrika palikuwa na mzigo mwingine ambao mhariri wa jarida la Kiingereza au Kijerumani kuhusu mambo ya Ulaya hakuubeba. Kisa cha Kipokomo hakikuweza kuchapishwa peke yake, kwa sababu wasomaji wenye kukifahamu walikuwa wachache mno huko Ulaya. Ilihitajika tafsiri, na kisa cha kurasa 4 kikawa cha kurasa 8. Yakiongezwa maelezo ya maneno magumu, ya desturi, ya miti na samaki wa mtoni, kisa hicho kilifika kurasa 10 au zaidi. Mhariri aliyekuwa na nafasi ya kurasa 8 alikuwa na njia mbili za kuchagua: kuchapisha nusu ya kisa katika lugha zote mbili, au kisa kizima katika lugha ya msomaji. Ni rahisi kuona ni njia ipi iliyopendeza zaidi. Hivyo uamuzi ulioonekana kuwa wa hesabu tu uligeuka, pasipo mtu kukusudia, kuwa uamuzi juu ya lugha gani itabaki.

Mambo haya yanaonekana wazi kuliko popote katika kazi za Alice Werner. Bibi huyu, aliyezaliwa Trieste mwaka 1859 na baadaye kuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London, alikaa katika pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913, akafika Lamu na bonde la Tana. Aliporudi alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la Chama cha Afrika cha London, *Journal of the African Society*, lililotoka mara nne kwa mwaka. Mwaka 1913 aliandika juu ya Wapokomo wa bonde la Tana. Mwaka 1914 aliandika juu ya watu aliowaita Wagalla, yaani Waorma, ambao hawalipendi jina hilo la zamani na ambao leo huitwa kwa jina lao wenyewe. Na mwaka 1915 alichapisha historia ya Pate kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Mwandishi ni mmoja, jarida ni moja, na muda wote hauzidi miaka mitatu. Kwa hiyo kulinganisha urefu wa makala hizi ni halali. Wapokomo walipata toleo moja, kiasi cha kurasa 25. Waorma walipata matoleo mawili, ambayo yakijumlishwa hukaribia kurasa 50. Pate ilipata matoleo matatu, yenye kurasa zaidi ya 50 kwa jumla. Mtu akitazama haraka atasema kwamba huo ndio uliokuwa mpangilio wa umuhimu katika mawazo ya watu wa London: mji wa kale wenye masultani kwanza, wafugaji wanaotisha baadaye, na wakulima wa mtoni mwishoni. Huenda pana ukweli kidogo katika maneno hayo. Lakini hesabu yenyewe inasema jambo jingine, nalo lina maana zaidi.

Hakuna sehemu hata moja kati ya hizo iliyopita sana kurasa 25. Ama makala ya Wapokomo, ama kila nusu ya makala ya Waorma, ama kila theluthi ya historia ya Pate, zote zimeingia katika chombo kimoja. Ni dhahiri kwamba kiasi hicho ndicho toleo moja lilichoweza kumpa mwandishi mmoja bila kuwanyima wengine. Kwa hiyo swali halikuwa makala iwe ndefu kiasi gani, kwani hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na chombo. Swali lilikuwa ni jambo gani lipewe ruhusa ya kuendelea katika toleo linalofuata, na ni jambo gani liambiwe lijimalize palepale.

Historia ya Pate ilipewa ruhusa kwa sababu haikukubali kukatwa. Ilikuwa hati iliyokwisha kuandikwa, yenye utaratibu wa masultani mmoja baada ya mwingine, yenye mwanzo na mwisho. Kumwacha sultani mmoja nje kungekuwa kuivunja. Mhariri aliyeipokea aliambiwa na hati yenyewe urefu wake, naye akatii. Habari za Wapokomo hazikuwa na hati. Zilikuwa katika vinywa vya wazee, katika majina ya vijiji na koo, katika shughuli za kilimo cha mafuriko, katika desturi za baraza lao. Zilipofika mezani pa mhariri zilikuwa tayari zimepitia kalamu ya mwandishi mgeni, zimekuwa maelezo. Na maelezo hayana urefu wake mwenyewe. Hata jina la makala hiyo linakiri jambo hilo, kwa kuwa linaahidi “maelezo machache” tu. Katika majarida ya wakati ule, jina la namna hii lilikuwa si unyenyekevu wa mwandishi peke yake. Lilikuwa pia kipimo, karibu sawa na kuandika juu ya kifurushi uzito wake.

Hapa pana hesabu nyingine ndogo ambayo haifai kupitwa. Zile kurasa zaidi ya 50 za Pate zina lugha mbili. Ukiondoa Kiingereza, Kiswahili cha watu wa Pate kinabaki na karibu kurasa 25, yaani kiasi kilekile walichopata Wapokomo. Kwa hiyo tofauti ya kweli kati ya makala hizi mbili si ya urefu. Ni kwamba nusu ya kurasa za Pate ni maneno ya wenyewe, hali kurasa za Wapokomo ni maneno ya Werner juu yao. Anayetaka kuchunguza jinsi Kiswahili cha visiwani kilivyosimulia mambo anaweza kuzifungua kurasa zile leo na kufanya kazi, kama Marina Tolmacheva alivyofanya katika kitabu chake cha 1993 juu ya hati za Pate. Anayetaka kuona jinsi Kipokomo kilivyosimulia mambo mwaka 1912 hapati msaada wa namna hiyo katika makala ya 1913.

Si kwamba Werner hakuzijali ngano za Wapokomo. Alizijali sana. Mwaka huohuo wa 1913 alichapisha makala ya pili, yenye kiasi cha kurasa 20, juu ya ngano na masimulizi yao; lakini hakuichapisha katika jarida lilelile. Aliipeleka kwa *Folk-Lore*, jarida la wapenzi wa hadithi za mataifa yote, ambao walitaka kujua sungura amefanya nini na wala hawakuuliza kitenzi chake kiko katika wakati gani. Ukizijumlisha makala hizo mbili, Wapokomo wanakuwa sawa na Waorma kwa idadi ya kurasa. Lakini kugawa jambo kwa matoleo ni kitu kimoja, na kuligawa kwa majarida ni kitu kingine kabisa. Msomaji wa sehemu ya kwanza ya Waorma aliambiwa kwamba sehemu ya pili inakuja, na miezi mitatu baadaye ikamfikia nyumbani kwake. Msomaji wa habari za Wapokomo hakutumiwa ngano zao, na msomaji wa ngano hakutumiwa habari za koo na vijiji vilivyozizaa. Ukiongeza kwamba sarufi na kamusi zilikuwa Berlin kwa Kijerumani, utaona kwamba mtu wa Ngao aliyetaka kusoma yote yaliyoandikwa juu ya watu wake kufikia 1915 alihitaji majarida manne katika miji miwili na lugha mbili za kigeni. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ni matokeo ya wahariri kadhaa, kila mmoja akitunza kurasa zake kwa haki.

Inafaa kuuliza pia watu wa mtoni wenyewe walipimaje urefu wa maneno yao, maana isije ikadhaniwa kwamba kipimo ni kitu kilicholetwa na matbaa. Fasihi simulizi ina vipimo vikali. Wimbo wa kubembeleza mtoto ni mfupi sana ukiuandika, pengine mistari michache. Lakini ukiimbwa unarudiwa mpaka mtoto alale, na kwa hiyo urefu wake wa kweli umo katika macho ya mtoto. Wimbo mmoja wa namna hiyo, wa Wapokomo, ndio uliotoa sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Kamati ya wanamuziki watano iliyopewa kazi hiyo ilibidi kuutafutia wimbo ule kipimo kipya, kwa kuwa taifa lililosimama wima haliwezi kungoja usingizi wa mtu. Ukawa na beti tatu zenye mwisho uliowekwa. Huo ulikuwa uhariri wa kweli, na tena uliofanywa kwa uangalifu, kwani ile sauti ya mama bado inatambulikana ndani yake.

Utenzi nao una kipimo chake. Ubeti una mistari minne, na mstari kwa kawaida una mizani nane. Lakini idadi ya beti haikuwekwa na yeyote, bali na kisa. Kisa cha Fumo Liyongo ni cha nchi hiihii, kwani masimulizi yanamweka katika miji ya Ozi na Shaka, karibu na midomo ya Tana, na kaburi lake huonyeshwa upande wa Kipini. Edward Steere alikitoa kisa hicho kwa nathari katika kitabu chake cha hadithi mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyekuwa msaidizi na mwalimu wa wageni wengi waliokuja kujifunza Kiswahili, alikiandika kwa utenzi wenye beti 232. Beti hizo hazipungui wala hazizidi haja: kisa kinaanza, Liyongo anafungwa, anatoroka, anasalitiwa na mwanawe, anakufa, na habari inakwisha.

Werner aliijua kazi ya Kijuma. Alipoandika juu ya Liyongo katika jarida la chuo chake cha London mwaka 1926, makala yake haikufika kurasa 10. Ni makala nzuri, yenye kulinganisha masimulizi mbalimbali kwa akili sana. Lakini mtu akizitazama kurasa hizo chache kando ya beti 232 anaona tena jambo lilelile: jarida lilikuwa na nafasi ya maelezo juu ya utenzi, halikuwa na nafasi ya utenzi. Wasomaji wa Afrika Mashariki walingoja miaka mingi kabla hawajaupata utenzi huo mzima kwa bei wanayoimudu. Tangu 1999 umo katika *Tenzi Tatu za Kale* ulizohaririwa na M. M. Mulokozi.

Ingekuwa dhuluma kuacha ionekane kwamba majarida ya Ulaya hayakuweza kamwe kutoa nafasi kwa maneno ya Waafrika wenyewe. Yaliweza yalipotaka. Mwaka 1902 na 1903 Heinrich Brode alichapisha katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki, Berlin, maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kama yalivyosimuliwa na mwenyewe, Kiswahili kwa Kijerumani, katika juzuu mbili zilizofuatana. Sehemu ya kwanza peke yake inapita kurasa 100. Hapo chombo cha kurasa 25 kilivunjwa kabisa. Sababu yake haifichiki: msimulizi alikuwa mtu mmoja mashuhuri, na jina lake lilikuwa limekwisha kuenea Ulaya kupitia vitabu vya wasafiri. Kijiji kizima cha wakulima hakikuwa na jina la kukiombea kurasa 100.

Njia nyingine ilipatikana Afrika Mashariki yenyewe. Kamati ya Kiswahili, ambayo ilikuwa imeanza kutoa taarifa yake tangu 1930, iligundua katika miaka ya 1950 kwamba si lazima jambo refu lipigane na mambo mafupi kwa kugombea nafasi. Utenzi wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini ulitolewa mwaka 1957 kama nyongeza ya jarida, ukiwa kitabu chake pekee lakini ukienda kwa wasomaji walewale. Mwaka 1958 na 1959 maisha ya Tippu Tip yakafuata kwa njia hiyohiyo, safari hii kwa tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Whiteley. Nyongeza ni uvumbuzi wa busara kuliko unavyoonekana. Inampa mhariri uhuru wa kusema kwamba makala fulani ni fupi kwa sababu jambo lake ni fupi, na kazi fulani ni ndefu kwa sababu haikatiki, bila ya moja kuidhulumu nyingine. Lakini itazame orodha: utenzi ulioandikwa, na maisha yaliyoandikwa. Hata nyongeza ilikwenda kwa hati. Masimulizi ya mtoni, ambayo hakuna aliyekuwa ameyaandika kwa ukamilifu wake, hayakuwa na cha kuleta mlangoni.

Kuna kitabu kimoja cha Kipokomo ambacho hakuna mhariri aliyeuliza urefu wake. Würtz alianza kwa Injili ya Marko, na mwanzoni mwa karne ya 20 Agano Jipya lote likawa limepigwa chapa katika Kipokomo cha chini. Bila kugusa habari za imani, mwanaisimu anaona hapo jambo la kustaajabisha: maandishi marefu kupita yote ya Kipokomo ya wakati ule yalikuwa tafsiri. Mtu aliyetaka sentensi ndefu za Kipokomo, zenye viunganishi na vishazi tegemezi, alizipata katika habari za Galilaya kwa wingi kuliko katika habari za Ngao. Wala Kipokomo cha juu, cha Waislamu wa upande wa Hola na kuendelea, hakikupata hata hicho.

Yawezekana mtu akajibu kwamba wahariri wanalaumiwa bure, na jibu hilo lina nguvu. Urefu si ubora. Makala ya 1913 inasomeka kwa furaha mpaka leo kwa sababu haina maneno ya kupoteza. Kama Werner angepewa kurasa 80 za maelezo, huenda angezijaza kwa mambo yasiyostahili. Jarida lisilowawekea waandishi mipaka hugeuka ghala. Tena msomaji wa London aliyelipa ada yake alikuwa na haki ya kupata mambo ya Nigeria na ya Sudani katika toleo lilelile. Kosa, kama lipo, haliko katika kuweka mpaka. Liko katika kuutumia mpaka mmoja kwa vitu viwili visivyofanana: maelezo ya mtaalamu, ambayo hupungua yakapata nguvu, na matini ya wenyeji, ambayo ikipunguzwa huacha kuwa ushahidi. Ngano iliyofupishwa kwa theluthi moja haitufundishi theluthi mbili za ngano. Inatufundisha jinsi mfupishaji alivyofikiri.

Majarida ya siku hizi hayahesabu karatasi tena, yanahesabu maneno. Yapo mengi yanayosomwa kwa kompyuta tu, yasiyokunja chochote wala kushika herufi za risasi. Lakini yamebaki na mipaka, na mara nyingi mipaka hiyo huhesabu pamoja maneno ya mwandishi na matini anayoichambua. Mtafiti anayetoka Garsen akiwa na kisa cha Kipokomo cha maneno 3,000, pamoja na tafsiri yake, amekwisha kutumia maneno 6,000 kabla hajasema lolote lake. Anachofanya wengi wanakijua: anabakiza aya mbili za kisa kama mfano na kuyaweka yaliyosalia katika sanduku. Sababu ya karatasi imekwisha, desturi iliyozaliwa na karatasi bado inafanya kazi.

Waliotaka kuepuka hali hiyo wamekimbilia vitabu. Mwaka 2004 nyimbo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo zilitolewa Köln katika kitabu kilichohaririwa na Gudrun Miehe, Abdilatif Abdalla na wenzao, Kiswahili kizima pamoja na tafsiri na maelezo, jambo ambalo jarida lolote lingelikataa kwa haki. Kielwana, lugha ya jamii ndogo ya Tana ya juu ambayo wageni wengi waliihesabu tu kuwa tawi la Kipokomo, kilingoja mpaka mwaka 2000, Derek Nurse alipokieleza kwa upana katika kitabu kimoja pamoja na Kidaiso cha Tanzania. Nusu ya kitabu ni nafasi kubwa kuliko yote ambayo lugha hiyo ilikuwa imepata, na katika nafasi hiyo sehemu kubwa ni sarufi na maneno.